Tanzania One: Jina Linalorithiwa Golini

Jioni Nyangoto, Tarime, ng'ombe wakisharudi zizini, watoto hupanga mawe mawili wakapata goli. Kipa huvaa soksi mikononi, ndizo glovu zake. Akipangua shuti moja tu, wenzake humpa jina: "Kaseja!" Wengi wao hawajawahi kumwona Juma Kaseja akicheza.

Jina hilo lilifikaje huku Tarime, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam? Lilipita njia ya majina ya makipa wote waliomtangulia: redioni. Zamani soka la huku lilisikilizwa kwenye redio ya National, mali ya Kijapani, betri zikianikwa juani zipate nguvu ya dakika za mwisho. Chenga haionekani redioni. Kipa ndiye anayeonekana, kwa sababu mtangazaji akimtaja, basi hatari imefika mlangoni.

Hivyo ndivyo Athumani Mambosasa na Juma Pondamali "Mensah", makipa wa Taifa Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 kule Lagos, walivyoingia majumbani. Akafuata Mohamed Mwameja, golini mwa Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Kila zama ina kipa wake namba moja wa taifa, na mashabiki humwita "Tanzania One".

Kaseja aliupata umaarufu wake kwenye matuta. Mwaka 2003, akiwa hajatimiza hata miaka 20, alisimama langoni mwa Simba kule Cairo mbele ya Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika. Simba ilikuwa imeshinda 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 ugenini, kisha ikapita kwa penalti 3-2. Kuanzia usiku ule, hata alipohamia kwa watani, Yanga, na kurudi Simba, watani walimzomea huku wakimheshimu.

Wengi walidhani zama zake zimekwisha. Agosti 2019, akiwa kipa wa klabu ya KMC, alikuwa langoni Stars ilipoing'oa Kenya kwa matuta 4-1 kwao Kasarani, katika kufuzu michuano ya CHAN. Mwezi uliofuata ikaja Burundi, kufuzu Kombe la Dunia: 1-1 Bujumbura, 1-1 Dar es Salaam. Kwenye matuta Burundi haikupata hata moja. Stars ikashinda 3-0. Kaseja alikuwa na miaka 34.

Siku hizi ni kocha, na Nyangoto mechi hutazamwa kwenye runinga za vibandani. Lakini matuta yanapofika, kibanda kizima hunyamaza kama watu waliozunguka redio. Na kesho yake jioni, baina ya mawe mawili, watoto hugombea kuvaa soksi.