Mazoezi ya kichwani, sawa. Lakini mkuki uko wapi?

Kila msee wa Garissa mwenye simu ashasikia stori ya Julius Yego. Kijana wa Nandi, hana kocha wa mkuki, anaingia saiba kutazama video za Jan Železný na Andreas Thorkildsen, halafu Agosti 2015 pale Beijing anarusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Stori tamu. Shida ni vile tunaimalizia: "Si unaona? YouTube inatosha."

Haitoshi. Lakini pia si bure, na watu wameanza kuichunguza hii kitu kabla babu zetu hawajaona runinga.

Miaka ya 1930 huko Chicago, daktari Edmund Jacobson aliwalaza watu watulie kabisa, kisha wawaze tu kwamba wanakunja mkono. Vyombo vyake vikanasa umeme kidogo kwenye misuli ya mkono huo huo. Mkono haujasonga, lakini msuli umesikia. Mwaka 1992, Guang Yue na Kelly Cole wakapima nguvu za kidole cha mwisho. Baada ya wiki nne, waliofanya zoezi kweli waliongeza nguvu kwa asilimia 30. Waliowaza tu, 22. (Ni kidole, wasee. Push-up zako usiache.)

Ile inanimaliza ni ya 1995, ya Alvaro Pascual-Leone. Watu wasiojua piano walifunzwa zoezi la vidole vitano, saa mbili kwa siku, siku tano. Kundi moja lilicheza. Lingine lilikaa mbele ya piano likijiona kichwani linacheza, bila kugusa. Siku ya tano, hawa wa kuwaza walikuwa pale wenzao walikuwa siku ya tatu. Wakapewa saa mbili tu za kugusa piano, wakawafikia.

Soma hiyo tena pole pole. Kuwaza hakukuchukua nafasi ya piano. Kulifanya saa mbili zizae kama siku tano.

Sasa fikiria Ramadhani Garissa, saa nane mchana, koo imekauka. Hakuna mtu anakimbia. Lakini ukikaa kivulini ukapiga frikiki kichwani, mguu wa kushoto unatua wapi, kifundo kimekazwa vipi, hujapoteza wakati. Usiku baada ya tarawehe ukipata dakika ishirini za mpira, zitakuwa na uzito. Kuwaza huku si sawa na kutazama video umelala, by the way. Hapa mwili unaocheza ni wako.

Na usiseme ni mambo ya wazungu. Aqal, ile nyumba ya wafugaji wetu wa kuhamahama, hubomolewa, ikapakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa kwingine, na hiyo ni kazi ya kina mama. Binti anaiona mara nyingi sana kabla ya kuachiwa. Lakini anaachiwa. Fito na mikeka viko mbele yake.

Hata Yego aliachiwa. Kabla ya Beijing alishapelekwa Kuortane, Finland, akafanya mazoezi chini ya kocha. London 2012 alifika fainali, akamaliza wa 12. Miaka mitatu baadaye ndiyo dhahabu. Hicho kipande huwa hakiingii kwenye video za kutia moyo.

Kwa hivyo siku kiongozi atakuja kutuzindulia wi-fi ya bure, apigwe picha, atuambie tuwe kina Yego, mtu amuulize mkuki uko kwa gari gani.