Meza ya Ustawi wa Jamii Hospitalini Ilianzia Wapi?

Mwaka 1895 hospitali ya Royal Free jijini London ilimpokea Mary Stewart, mfanyakazi wa kwanza wa aina yake nchini Uingereza. Hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kuwahoji wagonjwa wa nje, kuwabaini wenye uwezo wa kulipa ili wasitibiwe bure, na kuwaelekeza mafukara kwenye vyombo vya misaada. Kwa ufupi, aliwekwa kulinda fedha.

Miaka 10 baadaye, huko Boston, Marekani, sura ya kazi hiyo ikabadilika. Dk. Richard Cabot wa hospitali ya Massachusetts General alichoshwa na kuandika dawa zisizofaa kitu. Mgonjwa wa kifua kikuu ataambiwaje apumzike, ale vizuri na kulala penye hewa safi, ilhali nyumbani wamebanana chumba kimoja na asipokwenda kazini watoto watalala njaa?

Mwaka 1905 Cabot akamweka muuguzi Garnet Pelton kwenye meza katika kona ya korido. Kutoka hapo Pelton aliwafuatilia wagonjwa hadi majumbani, akajua wanakula nini na nani anawauguza. Haukupita muda, naye akaugua kifua kikuu, akaacha kazi. Nafasi yake ilichukuliwa na Ida Cannon, muuguzi pia, aliyeijenga idara ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo hadi alipostaafu mwaka 1945.

Haikuwa rahisi. Kwa miaka mingi hospitali haikulipa mishahara ya watumishi wa idara hiyo. Cabot alitoa fedha zake mwenyewe na kuchangisha kwa wahisani.

Uingereza nayo ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, suala la nani alipe liliondoka mezani, na warithi wa Mary Stewart wakapata nafasi ya kumhudumia mgonjwa na familia yake.

Nchini Tanzania historia ilipinda kidogo. Uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za umma mwaka 1993, ulikuja na utaratibu wa msamaha kwa wasiojiweza. Anayemhoji mgonjwa kabla ya kusamehewa ni afisa ustawi wa jamii, kazi inayofanana sana na ile ya London ya 1895.

Msamaha huo unaokoa maisha. Lakini afisa huyo amesomea pia kutafuta ndugu wa mgonjwa aliyetelekezwa, kumlinda mtoto aliyepigwa na kumwandaa anayerudi nyumbani na ulemavu mpya. Hospitali zetu ziajiri maafisa wa aina hiyo wa kutosha, na ziwape muda wa kutoka nje ya ofisi.