Kishikizo cha mota ya baiskeli: Chuma kinachoamua kama safari itafika

BAISKELI nyeusi ya chuma inayojulikana kote magharibi mwa Kenya kwa jina la Black Mamba haikuundwa kubeba injini. Iliundwa kubeba mtu na mzigo wake kwa nguvu za miguu. Hata hivyo, wazo la kuiongezea mota haliishi kuzuka, na katika eneo kama Malava, Kaunti ya Kakamega, si vigumu kuelewa ni kwa nini.

Malava iko kaskazini mwa mji wa Kakamega, kando ya barabara kuu iendayo Webuye, katika nchi ya Wakabras. Ni nchi ya miwa na mahindi, yenye mvua nyingi, vilima vya wastani na barabara za udongo zinazochepuka kutoka kwenye lami kuingia mashambani. Anayesafirisha abiria au mitungi ya maziwa kwa baiskeli hushuka hadi kijito, kisha akalazimika kuupanda mlima wa pili.

Biashara ya bodaboda ilianzishwa na waendeshaji wa baiskeli za aina hii katika mpaka wa Kenya na Uganda mjini Busia, miaka ya 1960. Pikipiki zilikuja kuwapokonya wateja baadaye, hasa baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya cc 250 mnamo 2008. Tangu hapo mwenye baiskeli amekuwa na hiari mbili: kukopa anunue pikipiki, au kuridhika na mizigo ambayo wenye pikipiki hawaitaki.

Mota ya kusaidia gurudumu ni njia ya tatu. Fremu, pedali na keria hubaki vilevile. Kinachoongezwa ni nguvu kidogo panapo mlima. Wanaoijaribu njia hii aghalabu hushughulika na mota yenyewe: ni ya petroli au ya umeme, ina nguvu kiasi gani, inauzwa pesa ngapi. Kinachoachwa hadi mwisho, na ambacho mara nyingi ndicho huvunjika kwanza, ni kishikizo, yaani kile chuma kinachoifunga mota kwenye fremu na kuilinganisha na gurudumu.

Hesabu ya mlima

Ili kufahamu kazi ya kishikizo, sharti kwanza ijulikane nguvu inayopita ndani yake. Tuseme mwendeshaji, abiria na baiskeli vina uzito wa kilo 170 kwa jumla, na barabara inapanda mita 4 kwa kila mita 100. Kwenda kwa kasi ya kilomita 15 kwa saa kwenye mlima huo kunahitaji takriban wati 390, ukijumlisha mvuto wa dunia, ukinzani wa matairi na upepo. Mtu mwenye afya njema anaweza kudumisha wati 100 hadi 150 kwa miguu. Kwa hivyo mota inapaswa kutoa kama wati 260.

Hizo si nguvu nyingi. Mota ya umeme ya wati 250, kipimo ambacho nchi za Umoja wa Ulaya zimekiweka kuwa kikomo cha baiskeli ya kusaidiwa, inakaribia kutosha. Mlima huohuo ukipandwa polepole, mota ndogo zaidi ingefaa. Anayefunga injini ya cc 80 kwenye Black Mamba hafanyi hivyo kwa sababu mlima umemlazimisha.

Somo la dainamo

Njia rahisi zaidi ya kuhamisha nguvu hizo hadi kwenye gurudumu ni kuisukuma rola ndogo ya chuma dhidi ya tairi. Kila aliyewahi kumiliki baiskeli yenye taa ya dainamo ameiona njia hiyo ikifanya kazi kinyume. Kwenye dainamo, tairi huzungusha kigurudumu kidogo ili umeme upatikane. Kwenye mota, kigurudumu kidogo huzungusha tairi.

Dainamo ina kishikizo chenye mambo matatu yanayostahili kuigwa. Kwanza, kibano chake huweza kusogezwa juu au chini ya bomba la uma na kukazwa kwa skurubu, kwa sababu mabomba ya baiskeli hayalingani unene. Pili, ina bawaba na springi inayoisukuma kwenye tairi, ili gurudumu lililopinda kidogo lisiiache ikielea hewani kila linapozunguka. Tatu, huweza kuegemezwa mpaka mhimili wake uelekee katikati ya gurudumu. Isipoelekezwa hivyo, huula mpira wa tairi ubavuni na kupiga kelele. Isitoshe, mwendeshaji akimaliza kuitumia huivuta nje ya tairi, nayo haimsumbui tena.

Ubunifu wa aina hiyo si mgeni nchini. Mnamo 2009 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Pascal Katana na Jeremiah Murimi, walipata sifa kwa kutengeneza chaja ya simu iliyotumia umeme wa dainamo ya baiskeli.

Tofauti ni ukubwa wa nguvu. Dainamo ya taa hutoa wati 3 hivi. Mota ya wati 260 katika mlima uliotajwa husukuma tairi kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 6. Ili rola isiteleze kwenye tairi kavu, inahitaji kugandamizwa kwa takriban kilo 9. Tairi likilowa, msuguano hupungua hata chini ya nusu, na mgandamizo unaohitajika hupita kilo 20.

Hapo ndipo kishikizo kisichorekebishika hushindwa. Kikikazwa kwa ajili ya mvua, mpira wa tairi huliwa upesi wakati wa kiangazi na pedali huwa nzito hata mota ikiwa imezimwa. Kikilegezwa kwa ajili ya kiangazi, rola huteleza siku ya kwanza ya masika. Katika eneo ambalo mvua hunyesha alasiri baada ya asubuhi ya jua kali, marekebisho hayo hayawezi kungoja gereji. Yanapaswa kufanywa barabarani, kwa mkono au kwa spana moja.

Mahali pa kuweka bawaba ni suala linalohitaji uangalifu zaidi. Rola inapolisukuma tairi mbele, tairi nalo huisukuma rola nyuma. Bawaba ikiwa mahali panapofaa, msukumo huo wa kurudi huivuta rola izidi kujikaza kadiri mlima unavyozidi, na springi dogo hutosha. Ikiwa upande usiofaa, msukumo huohuo huibandua rola kutoka kwenye tairi wakati inapohitajika zaidi, na hakuna springi litakaloponya kasoro hiyo. Fundi anaweza kulijua hilo kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono huku rola imezuiwa isizunguke, kisha aligeuze upande wa pili. Upande mmoja rola itang'ang'ania, wa pili itaruka. Lakini akumbuke kwamba tairi linaloburuta rola lina msukumo ulio kinyume na ule wa rola inayoendesha tairi: rola inapaswa kung'ang'ania gurudumu linapozungushwa kinyumenyume.

Waliotangulia

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mataifa yaliyokuwa yamefilisika yalikabiliwa na tatizo linalofanana na la Malava: baiskeli zilikuwa nyingi, pesa na petroli chache. Nchini Japani mnamo 1946, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizokuwa zikizalisha umeme wa redio za jeshi na kuzifunga kwenye baiskeli. Inasimuliwa kwamba tangi la mafuta la mfano wake wa kwanza lilikuwa chupa ya kukandia maji ya moto.

Mwaka huohuo Ufaransa ilianza kuuza VéloSoleX, iliyokuwa na injini ya cc 45, baadaye cc 49, juu ya gurudumu la mbele. Injini hiyo ilikaa kwenye bawaba. Kwa kuvuta mkono wa chuma, mwendeshaji aliiinua rola kutoka kwenye tairi na kuendelea kwa miguu. Akiurudisha, injini ilishuka kwa uzito wake na kulishika gurudumu. Mamilioni yaliuzwa, na uundaji wake Ufaransa uliendelea hadi 1988.

Ule mkono wa chuma unastahili kutazamwa na kila fundi wa jua kali. Mwenye kipato kidogo huishiwa na petroli, au betri humwishia njiani. Kishikizo kisichoweza kuiondoa rola kwenye tairi humwacha na baiskeli nzito kuliko aliyokuwa nayo awali.

Matatizo ya Black Mamba

Mfano wa Ufaransa hauwezi kuhamishwa jinsi ulivyo. Black Mamba hutumia breki za vyuma virefu vinavyotoka kwenye usukani na kuvuta mipira dhidi ya upande wa ndani wa rimu. Injini ikiwekwa mbele, inaweza kuvizuia vyuma hivyo visisogee. Nyuma nako kuna keria, na keria ndiyo riziki yenyewe: hapo hukaa abiria, gunia au kuni. Rola ikiwekwa juu ya tairi la nyuma, nafasi hiyo hupotea au abiria huketi juu ya injini ya moto.

Mahali panaposalia ni nyuma ya ekseli ya pedali, kati ya bomba la kiti na tairi la nyuma. Uzito hukaa chini na katikati, na keria haiguswi. Ubaya wake ni tope, kwa kuwa kila linalorushwa na gurudumu la mbele huishia hapo. Kipande cha mpira kilichoning'inizwa mbele ya rola si urembo katika barabara za Malava.

Mota za umeme zinazokaa ndani ya kikombe cha gurudumu huepuka suala la rola, lakini hazikwepi kishikizo. Mota inapozungusha gurudumu mbele, ekseli yake hutaka kuzunguka nyuma, na kinachoizuia ni mwanya mdogo wa chuma kwenye ncha ya uma. Kwa mlima wetu, nguvu ya kupinda ekseli hufikia kama nyutoni-mita 20 kwa kila mara mota inapofanya kazi. Ncha za uma wa mbele ni nyembamba; zikipanuka, ekseli huchomoka na kukata nyaya, na gurudumu linaweza kuanguka mwendeshaji akiwa kasi. Dawa yake ni mkono wa kuzuia mzunguko: kipande cha chuma kilichokatwa tundu la umbo la ekseli upande mmoja, na kufungwa kwa kibano kwenye bomba la uma sentimita 10 hivi kutoka hapo. Ni kifaa cha bei ndogo, na ndicho huachwa mara nyingi zaidi.

Wanaotumia injini za petroli zenye mnyororo hukabiliwa na suala lingine. Gia ya pili hufungwa kwenye spoki za kushoto kwa bolti na vipande vya mpira. Spoki zilikusudiwa kuvutwa, si kubanwa na kutikiswa ubavuni, na gurudumu la bodaboda tayari limelemewa. Kishikizo cha injini hapa kinapaswa kuwa na mianya mirefu ya bolti, ili injini isogezwe mbele mnyororo unapolegea. Bila hivyo mnyororo hutoka na kukwama kwenye gurudumu.

Kuchomelea au kubana?

Mafundi wengi hupendelea kuchomelea. Ni haraka, na kazi huonekana imara. Kwa baiskeli hii si ushauri mzuri. Mabomba yake ni membamba, nayo huunganishwa kwa vikombe vya chuma vilivyoyeyushiwa madini laini ya kuunganishia. Moto mkali wa kuchomelea karibu na viungo hivyo huweza kulegeza alichofanya mtengenezaji, na ufa hujitokeza miezi kadhaa baadaye, aghalabu chini ya mzigo.

Vibano viwili vya bamba nene, vikitenganishwa umbali wa kutosha ili mota isijipinde, hufanya kazi bora. Kati ya kibano na bomba huwekwa mpira wa tyubu kuukuu, ambao huzuia kuteleza na kupunguza mtetemo. Kibano kinaweza kufunguliwa na kuhamishiwa baiskeli nyingine. Chuma kilichochomelewa hufa na fremu yake.

Breki nazo zisisahaulike. Kasi ikitoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, nguvu ambazo breki zinapaswa kumaliza huongezeka mara nne, na breki za Black Mamba hudhoofika sana rimu zikilowa. Hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuichagua mota ndogo.

Kuna pia sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hukihesabu kuwa gari chombo kinachoendeshwa kwa nguvu za mitambo. Kwa maana pana hiyo, baiskeli yenye injini inaweza kumfikisha mwenyewe mahakamani kwa kukosa usajili, leseni na bima, hasa akibeba abiria wa kulipa. Ni busara kuuliza katika ofisi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) kabla ya kununua mota.

Kishikizo kipya hakiaminiwi siku ya kwanza. Kila nati hupakwa mstari mmoja wa rangi unaovuka hadi kwenye chuma inachokikaza, kisha baiskeli huendeshwa bila abiria kilomita chache katika barabara mbovu. Mstari uliokatika unaonyesha nati iliyosogea, na hiyo hubadilishwa kwa nati ya kujifunga. Ukaguzi hurudiwa baada ya kilomita 50, na tena baada ya mvua kubwa ya kwanza.