Nani Bora? Miaka Tisini ya Mabishano juu ya Tuzo ya Heisman

Tuzo ya Heisman, ambayo hutolewa kila Desemba kwa mchezaji anayehesabiwa kuwa bora kuliko wote katika mpira wa miguu wa Kimarekani unaochezwa vyuoni, imekuwapo tangu 1935, na ni nadra miaka kadhaa kupita mfululizo bila matokeo yake kubishaniwa. Mchezo wenyewe haufanani na kandanda inayojulikana Afrika Mashariki. Uko karibu zaidi na raga, kwa kuwa mpira wake una umbo la yai, hushikwa kwa mikono, na kila timu hulenga kuufikisha ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani, tendo liitwalo tachidauni ambalo huleta pointi 6. Vyuo vya Marekani viliucheza kabla haujawa ajira ya mtu yeyote, na hata leo baadhi ya viwanja vyao huchukua watazamaji zaidi ya 100,000, kwa hiyo swali la nani aliye bora haliwahusu wanafunzi peke yao. Hata hivyo, anayeyafuatilia mabishano hayo mwaka baada ya mwaka ataona kwamba kinachogombaniwa hasa ni neno «bora» lenyewe, ambalo waanzilishi hawakuliwekea mipaka, na ambalo kila kizazi cha wapigakura kimelitia maana kulingana na kile kilichoweza kuonekana kutoka pale kilipoketi.

Tuzo ilianzishwa na Downtown Athletic Club, klabu ya michezo iliyokuwa kusini mwa Manhattan, jijini New York, na mwaka wa kwanza ilimtafuta mchezaji bora wa vyuo vilivyo mashariki mwa Mto Mississippi tu. Aliyeipata ni Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye mwaka 1936 akawa pia mtu wa kwanza kabisa kuteuliwa na ligi ya kulipwa ya NFL ilipoanza utaratibu wa kugawana wahitimu wa vyuo, lakini hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Mkurugenzi wa michezo wa klabu hiyo alikuwa John Heisman, kocha wa zamani aliyepigania kwa miaka mingi kanuni ya kuruhusu mpira kurushwa mbele, na ambaye timu yake ya Georgia Tech iliifunga Cumberland pointi 222 kwa 0 mwaka 1916, matokeo ambayo hadi leo husimuliwa kwa mshangao uliochanganyika na huruma. Heisman alipofariki Oktoba 1936, tuzo ilipewa jina lake na kufunguliwa kwa nchi nzima.

Kabla ya kura ya kwanza kupigwa, sanamu ilikuwa imekwisha kusema jambo. Mchongaji Frank Eliscu, akimtumia mchezaji wa New York aitwaye Ed Smith kama kielelezo, alimfinyanga mtu anayekimbia akiwa amekumbatia mpira kwa mkono mmoja na kunyoosha mwingine kumsukuma adui asiyeonekana. Mtu huyo wa shaba ni mbeba mpira. Hamkabi mtu, wala hamfungulii mwenzake njia. Si haki kumlaumu mchongaji kwa uamuzi wa mamia ya wapigakura waliomfuata, lakini orodha ya washindi imeitii sanamu hiyo kuliko ilivyotii maandishi yoyote ya kanuni.

Utaratibu wa kura unastahili kuelezwa, maana magomvi mengi yamezaliwa humo. Siku hizi nchi imegawanywa katika kanda 6, kila kanda ina wanahabari 145, na jumla yao 870 huongezewa washindi wa zamani walio hai pamoja na kura moja inayowakilisha mashabiki. Kila mpigakura huandika majina matatu. La kwanza hupata pointi 3, la pili 2, la tatu 1. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyependwa sana na baadhi ya wapigakura anaweza kushindwa na mtu ambaye wengi walimkubali nusunusu.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1956, mwaka ambao hadi leo hakuna mwingine uliotoa matokeo magumu zaidi kuyatetea. Tommy McDonald wa Oklahoma aliandikwa wa kwanza na wapigakura 205, ilhali Paul Hornung wa Notre Dame aliandikwa wa kwanza na 197. Lakini pointi zilipojumlishwa, Hornung alipata 1,066, Johnny Majors wa Tennessee 994, na McDonald 973. Oklahoma walikuwa mabingwa wasioshindwa, na kura zao ziligawanyika kati ya McDonald na mwenzake Jerry Tubbs, aliyeshika nafasi ya nne. Notre Dame walishinda mechi 2 na kupoteza 8, mojawapo dhidi ya Oklahoma hao hao kwa pointi 40 kwa 0, na Hornung anabaki kuwa mshindi pekee wa tuzo hiyo kutoka timu iliyopoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Alikuwa kwotabeki, yaani mchezaji anayekabidhiwa mpira kila shambulio linapoanza na kuamua aurushe, aukimbize au ampe mwenzake, na msimu ule alirusha mipira 3 ya tachidauni, na mipira yake 13 ikanyakuliwa na wapinzani. Watetezi wake husema, na si uongo, kwamba alifanya kila kazi uwanjani: alikimbia, alirusha, alipiga mpira kwa mguu na alilinda, kwa kuwa kanuni za wakati ule hazikuruhusu kubadilisha wachezaji kiholela. Pamoja na hayo, ni vigumu kuamini kwamba kijana mwenye takwimu hizo, kama angevaa jezi ya chuo kisichojulikana, angeandikwa hata wa kumi.

Nyuma ya majina manne hayo, katika nafasi ya tano, alikuwapo Jim Brown wa Chuo Kikuu cha Syracuse. Brown alikimbiza mpira yadi 986 katika mechi 8 (yadi hupungua mita moja kwa kiasi kidogo tu), na katika mechi dhidi ya Colgate alifunga pointi 43 peke yake. Hakuna mchezaji Mweusi aliyewahi kushinda tuzo hiyo kufikia wakati huo, na ingawa haiwezekani kuingia moyoni mwa kila mpigakura, mpangilio wa majina ya mwaka ule unatosha kumfanya msomaji aulize. Jibu la kiasi lilikuja mwaka 1961, pale Ernie Davis, aliyesoma Syracuse hiyo hiyo na kurithi jezi namba 44 ya Brown, alipokuwa Mweusi wa kwanza kuibeba. Davis aliugua saratani ya damu na kufariki Mei 1963 akiwa na umri wa miaka 23, bila kucheza mechi hata moja ya kulipwa.

Jiografia nayo ilifanya kazi yake kimyakimya. Magazeti makubwa yalikuwa mashariki, mechi za magharibi zilichezwa saa ambazo waandishi wa New York walikuwa wakifunga kurasa, na ni mwaka 1962 tu ndipo chuo cha pwani ya Pasifiki kilipopata mshindi, Terry Baker wa Oregon State. Vyuo vikajifunza kwamba mchezaji asiyesikika hahesabiwi. Joe Theismann wa Notre Dame alizaliwa na jina lililotamkwa kwa namna nyingine kabisa, likabadilishwa matamshi ili lipatane na Heisman. Mwaka 1970 alishika nafasi ya pili nyuma ya Jim Plunkett wa Stanford. Mwaka 2001 Oregon ilibandika picha ya kwotabeki wake Joey Harrington kwenye ukuta wa jengo jijini New York, kwa gharama ya dola 250,000, naye akamaliza wa nne. Kinyume chake, Andre Ware wa Houston alishinda mwaka 1989, akiwa kwotabeki wa kwanza Mweusi kufanya hivyo, wakati chuo chake kilikuwa chini ya adhabu iliyozuia mechi zake kuonyeshwa katika televisheni, kwa hiyo wapigakura wengi walimchagua kwa kusoma takwimu zake tu.

Suala la nafasi za uwanjani ndilo lenye kina kuliko yote. Katikati ya miaka ya 1960 kanuni za kubadilisha wachezaji zililegezwa, timu zikagawanyika katika kikosi cha mashambulizi na kikosi cha ulinzi, na kuanzia hapo mlinzi hakugusa tena mpira isipokuwa kwa kuupora. Msomaji wa Kiswahili anaujua ugonjwa huu kutoka kwenye kandanda: tuzo ya Ballon d'Or, iliyoanza mwaka ule ule wa 1956, imewahi kwenda kwa golikipa mmoja tu, Lev Yashin, mwaka 1963. Upande wa Heisman, mlinzi wa kwanza kushinda alikuwa Charles Woodson wa Michigan mwaka 1997, aliyempita Peyton Manning wa Tennessee, kwotabeki ambaye wengi walikuwa wamekwisha kumvika taji kabla ya msimu kuanza. Hata ushindi huo una mushkeli, kwani Woodson alirudisha pia mipira iliyopigwa na wapinzani na mara nyingine alishambulia, na bila shaka ni matukio hayo, akiwa na mpira mkononi kama yule mtu wa shaba, yaliyowafungua macho wapigakura.

Ushahidi mzuri ni wa mwaka 2009. Ndamukong Suh wa Nebraska, mlinzi wa katikati ya mstari wa mbele, alimwangusha kwotabeki Colt McCoy wa Texas mara nne na nusu katika mechi ya ubingwa wa ligi yao (nusu huhesabiwa walinzi wawili wanapoangusha kwa pamoja), lakini kura zilipohesabiwa McCoy alikuwa wa tatu na Suh wa nne. Wa kwanza alikuwa Mark Ingram wa Alabama, aliyempita Toby Gerhart wa Stanford kwa pointi 1,304 dhidi ya 1,276. Tofauti hiyo ya pointi 28 ndiyo ndogo kuliko zote katika historia ya tuzo.

Kura hupigwa kabla ya mechi kubwa za mwisho wa msimu, na hilo liliaibisha wengi mwaka 2005, pale Reggie Bush wa Chuo Kikuu cha Southern California (USC) alipomshinda kwa mbali Vince Young wa Texas. Wiki chache baadaye, Januari 2006, timu hizo zilikutana kugombea ubingwa, Young akakimbia yadi 200 na kufunga tachidauni ya ushindi zikiwa zimebaki sekunde 19, Texas wakashinda 41 kwa 38. Kisha likazuka jambo jingine: ilithibitishwa kwamba Bush na familia yake walipokea manufaa yaliyokatazwa kwa wachezaji wa ridhaa, akaiachia tuzo mwaka 2010. Kanuni za ridhaa zilipolegezwa mwaka 2021 na wachezaji kuruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina yao, adhabu ile ilipoteza mantiki, naye akarudishiwa tuzo Aprili 2024. Kigezo cha uadilifu, ambacho wasimamizi hukitaja pamoja na ustadi, kimetumika kwa namna hii isiyo sawa: O.J. Simpson, mshindi wa 1968, aliyeachiwa huru na mahakama ya jinai lakini akahukumiwa na mahakama ya madai kuhusu vifo vya watu wawili, hakuondolewa kamwe katika orodha, huku Bush akikaa nje miaka 14 kwa sababu ya fedha na nyumba.

Mwaka 2024 ulirudisha swali la Hornung kwa sura mpya. Travis Hunter wa Colorado alicheza mashambulizi na ulinzi katika mechi zile zile, jambo lililokuwa limekaribia kusahaulika, akapokea mipira 96 na kupora 4 katika msimu mzima. Mpinzani wake Ashton Jeanty wa Boise State alikimbiza mpira yadi 2,601, zikiwa zimepungua 27 tu kufikia rekodi ambayo Barry Sanders aliiweka mwaka 1988 kwa mechi chache zaidi. Hunter alishinda kwa pointi 2,231 dhidi ya 2,017, na uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani safari hii kufanya kila kazi kulimaanisha kuifanya vizuri. Wale wanaomfungulia njia mtu kama Jeanty wangali wakisubiri: Alex Karras wa Iowa alikuwa wa pili mwaka 1957, John Hicks wa Ohio State alikuwa wa pili mwaka 1973, na tangu Hicks hakuna mchezaji wa mstari wa mbele wa mashambulizi aliyefika hata hapo.