TEKNOLOJIA: Jinsi tarakilishi inavyofuata njia hadi kwenye faili

Mwenye shamba katika Kaunti ya Embu akiulizwa nambari ya hatimiliki yake hutaja maneno mawili na tarakimu, vyote vikitenganishwa kwa mikwaju: tuseme, Gaturi/Weru/100. Karani wa afisi ya ardhi huanzia kushoto. Kwanza Gaturi, kisha Weru iliyo chini ya Gaturi, na mwishowe kipande nambari 100 kwenye ramani ya Weru hiyo. Akiliruka neno la kwanza atapotea, maana kuna Kagaari/Weru pia, yenye vipande vyake na hesabu yake. (Weru kwa wenyeji ni nyika, na nyika haiko mahali pamoja tu.) Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka wa 1963 ilieleza kwamba jina la sehemu ya usajili pamoja na nambari ya kipande yatosha kukitambulisha kipande chochote. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 2012 ilipopitishwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, lakini mtindo huu wa majina ungali kwenye hatimiliki nyingi za Embu na Meru.

Tarakilishi hutafuta faili kwa utaratibu unaofanana sana na huo.

Kinyume na inavyodhaniwa na wengi, jina la faili halimo ndani ya faili yenyewe. Katika mifumo ya jamii ya Unix, iliyoasisiwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka wa 1969, kila faili hutambuliwa kwa nambari. Nambari hiyo ndiyo inayoongoza kwenye rekodi ya ukubwa wa faili, mwenyewe, ruhusa zake na mahali ambapo data yake imehifadhiwa diskini. Folda nayo ni orodha tu, upande mmoja majina na upande wa pili nambari. Linux, ambayo ndiyo kiini cha simu za Android, hufuata mpango huo huo.

Chukua mfano wa katibu wa chama cha wakulima wa kahawa mjini Meru anayefungua faili ya malipo kwa njia hii: /home/chama/kahawa/malipo. Mkwaju wa kwanza ni mzizi, yaani folda iliyo juu ya zote, ambayo mfumo huijua bila kuuliza. (Katika diski zilizopangwa kwa mtindo wa ext4, mzizi ni nambari 2 daima.) Mfumo husoma orodha ya mzizi, hutafuta neno “home” na kuipata nambari yake. Huhakikisha kwamba nambari hiyo ni ya folda, na kwamba katibu ana ruhusa ya kupita humo. Ndipo hutafuta “chama”, halafu “kahawa”, halafu “malipo”. Matokeo ya utafutaji wa karibuni huwekwa kwenye kumbukumbu ya muda ili safari isirudiwe diskini kila mara.

Ruhusa ya kupita ni tofauti na ruhusa ya kusoma orodha. Mtu aweza kukubaliwa kupita kwenye folda asiyoweza kuiona orodha yake, mradi analijua jina analolitafuta. Hali kadhalika, akizuiwa katikati ya njia, haimfaidi kitu kwamba faili ya mwisho iko wazi kwa kila mtu. Na pale tarakilishi inapojibu kwamba hakuna faili kama hiyo, huenda faili ipo salama ila neno moja la katikati limeandikwa vibaya. Jibu hilo kwa kawaida halisemi ni neno lipi, kwa hivyo ni heri kukagua kutoka kushoto, hatua baada ya hatua. Linux huhesabu “Malipo” na “malipo” kuwa majina mawili. Windows kwa kawaida haitofautishi.

Njia isiyoanza kwa mkwaju huanzia pale programu iliposimama, si kwenye mzizi. Nambari za ardhi ziko hivyo: hazitaji afisi. Karingani/Ndagani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Meru kabla ya wilaya hiyo kugawanywa mwaka wa 1992, na leo iko Kaunti ya Tharaka-Nithi. Jina halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza kazi yao. Alama iliyo kwenye uso wa tarakilishi ya Windows aghalabu ni njia ya mkato, nayo ni faili ndogo iliyobeba anwani tu. Katibu wetu akinakili alama hiyo kwenye diski ya mkononi na kusafiri hadi Embu, atakuwa amebeba maelekezo ya kufika kwenye mashine iliyobaki Meru. Dalili ni ukubwa: njia ya mkato kwa kawaida ina kilobaiti chache tu, hata kama hati yenyewe ni kubwa mara elfu. Ni vyema kuitazama tarakimu hiyo kabla ya kuondoka.

Kubadilisha jina la faili, au kuihamisha ndani ya diski hiyo hiyo, hugusa orodha tu. Data haisogei, ndiyo maana hati kubwa huhama kwa dakika isiyotimia. Kufuta nako ni kuondoa mstari kwenye orodha. Faili moja yaweza kuwa na majina mawili katika folda mbili, na Unix huihesabu kuwa imekufa pale tu jina la mwisho linapoondolewa na hakuna programu inayoitumia.

Shamba likigawanywa, nambari yake hufungwa na vipande vipya hupewa nambari mpya. Tarakilishi haina staha hiyo. Nambari ya faili iliyofutwa hupewa faili nyingine, na nafasi yake diskini huandikwa juu bila onyo. Aliyefuta orodha ya malipo kwa bahati mbaya hana budi kuacha kuitumia diski hiyo papo hapo, kabla ya fundi kuitazama.