Siku Sita Bila Sindano

Watu wengi wakisikia kisukari wanafikiria sukari. Mimi nafikiria kongosho, kiungo laini kilichojificha nyuma ya tumbo, ambacho hakuna anayekitaja hadi kigome.

Ndoto ya kukipata kingine ni ya zamani kuliko insulini yenyewe. Mwaka wa 1893 kule Bristol, Uingereza, mvulana wa miaka 15 alipachikwa vipande vya kongosho la kondoo chini ya ngozi. Alifariki siku tatu baadaye. Wagonjwa wa kwanza walipodungwa insulini Toronto mwaka wa 1922, ungedhani hadithi imeisha. Wapi! Insulini iliwapa watu miaka, na miaka ikaja na yake: figo kuchoka, macho kufifia, miguu kufa ganzi.

Desemba 1966, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, William Kelly na Richard Lillehei walimpandikizia mwanamke wa miaka 28 figo pamoja na kipande cha kongosho. Kwa siku sita hakuhitaji insulini. Siku sita tu! Halafu kongosho likavimba, sindano zikarudi, na miezi michache baadaye akaaga dunia.

Shida ni kwamba kongosho lina kazi mbili. Linatoa insulini, lakini pia linatoa maji makali ya kusaga chakula. Mwaka ule mrija wa maji hayo ulifungwa. Miaka ya 1980 wengi waliuelekeza kwenye kibofu cha mkojo. Wagonjwa wakapoteza maji na chumvi, wakasumbuliwa na maambukizi. Mwishowe madaktari wakarudi kwenye utumbo, njia ya asili.

Kisa kinachonishika zaidi ni cha mapacha. Hapo hapo Minnesota, David Sutherland na wenzake walichukua sehemu ya kongosho la pacha mzima wakampa ndugu yake anayefanana naye kabisa. Mwili haukuwa na sababu ya kulikataa kama kitu kigeni. Lakini kisukari kikarudi! Kumbe kinga ile ile iliyoua seli za kwanza ilikuwa bado inazisaka.

Dawa za kutuliza kinga, kama siklosporini na baadaye takrolimasi, zilibadilisha mambo. Siku hizi, kongosho likipandikizwa pamoja na figo, takriban tisa kati ya kumi bado hufanya kazi baada ya mwaka mmoja. Mwaka wa 1998, watafiti waliripoti wagonjwa wanane ambao figo zao wenyewe zilikuwa zimeanza kujirekebisha. Baada ya miaka mitano hakukuwa na dalili; ilichukua kumi.

Lakini bei ipo. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya kiungo kipya, na dawa hizo, za maisha yote, hufungulia mlango maambukizi na hata saratani. Ndiyo maana wengi wanaofanyiwa upasuaji huu ni wale ambao tayari wanahitaji figo: dawa wangezimeza tu.

Kwa hivyo mtu akiniambia kisukari kina tiba, namuuliza: unaacha sindano, sawa, na unachukua nini badala yake? Yule mwanamke wa 1966 alilipa bei kubwa kwa siku sita. Wanaoishi miaka leo wanatembea kwenye njia aliyoifungua.