Aspen (Colorado)

Aspen ni mji wa kitalii wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi. Ulianzishwa na wachimba madini ya fedha. Bei ya madini hayo ilipoporomoka mwaka 1893, wengi wakahama. Mwaka 1947 ilifunguliwa lifti ya watelezaji kwenye theluji, na matajiri wakaanza kununua nyumba.

Wakazi wa kudumu ni 7,000 hivi. Majumba mengi ya kifahari hukaa matupu sehemu kubwa ya mwaka, huku wapishi, walimu na madereva wakishindwa kumudu kodi ya chumba. Hatua iliyochukuliwa na mji inastahili kuigwa: ushuru unaotozwa nyumba zinapouzwa husaidia kujenga makazi ya wafanyakazi. Mnunuzi wa makazi hayo sharti afanye kazi saa 1,500 kwa mwaka katika wilaya ya Pitkin, ulimo mji huo, na akija kuuza, bei haipandi kupita kiwango kilichowekwa. Waombaji ni wengi mno, hivyo hupigwa bahati nasibu. Wanaokosa hupanda basi alfajiri kutoka miji ya bondeni kama Glenwood Springs, mwendo wa kilomita 65 hivi, na kurudi usiku.